Namba Yangu Kwenye Kioo cha Kaka

Guangzhou, China
Ijumaa, baada ya swala

Kwako shemeji yangu Mwanaidi, mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Kwanza nakuulizia hali, na miguu yako iliyokuwa ikivimba, na usingizi kama umerudi. Naulizia na lile paa la jikoni kama limezibwa, maana najua aliyekuwa akipanda kuziba hayupo tena. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Nasema mwili, shemeji, kwa sababu mengine utayasoma humu, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa, peke yako, Zuhura akiwa shule.

Utashangaa Idrisa kaandika kwa mkono kama watu wa zamani. Simu ninayo na vocha ninayo. Ila kwenye simu nilishakuwa mwongo kwako, na uongo wenyewe nilikuambia kwa sauti hii hii. Barua anakuja nayo Mama Salha, yule mfanyabiashara wa vitenge wa Tanga mjini aliyekuletea vitu vya marehemu. Anaruka Jumapili kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun. Nimemwapisha asimpe mtu mwingine ila wewe.

Wiki iliyopita ulinitumia ujumbe wa sauti. Ulisema eda inakaribia kwisha na umeshanunua kitambaa cheupe na nyuzi za kijani, unataka kudarizi maneno ya mwisho ya kaka Rajabu uyatundike sebuleni, wanawe wayaone kila wakipita. Ukaniomba niyarudie taratibu, usije ukakosea hata neno moja. Sauti ile nimeisikiliza sijui mara ngapi. Shemeji, kabla hujatia uzi kwenye sindano, nisikilize na mimi.

Nianze na miswaki, maana hiyo unaijua. Unakumbuka ulivyokuwa ukilalamika? "Idrisa, hebu muulize kakako, kila boksi likifunguliwa lina miswaki, kwani kaambiwa huku tuna meno mangapi?" Tukacheka wote watatu kwenye simu, na kaka hakusema. Siri yake ni hii. Asubuhi alikuwa anapakia mizigo mtaa wa maduka ya jumla wa Yide Lu, midoli na madaftari ya wafanyabiashara wetu, kwenye lile gari la laoban wake, yaani bosi wake, yule mama wa Kichina. Anapeleka ghalani, siku nyingine mpaka bandarini Huangpu. Ikifika mchana amechoka hoi na hana pa kupumzika. Huku huwezi kuegesha gari pembeni ya barabara ukajilaza kama uko Muheza. Kila kona ina kamera, na kamera haina urafiki.

Basi akagundua supamaketi moja yenye uwanja wa magari kwa nyuma. Ukinunua kitu chochote ukaonyesha risiti, unakaa saa mbili bure. Ukipitisha hata dakika moja, unalipa. Kaka akawa kila mchana anaingia pale, ananunua mswaki mmoja, kwa kuwa ni kitu rahisi kuliko vyote dukani na hakiozi. Anarudi garini, anakula wali wake, anaswali adhuhuri kwenye mkeka nyuma kati ya maboksi, anajinyoosha. Dakika kumi kabla muda haujaisha, anawasha gari huyoo anaondoka. Miaka miwili na zaidi hakuwahi kulipa. Alikuwa anajisifu: "Mdogo wangu, Wachina wananipangisha chumba kwa mswaki!" Nyumbani kwake kulijaa miswaki, ndipo akaanza kuituma kwenu.

Sasa jambo la pili, ambalo hulijui. Huku kila dereva anaweka namba yake ya simu mbele ya gari, kwenye kioo, kwa maandishi makubwa. Ni desturi yao. Ukimzibia mtu njia hakupigii honi wala hakutukani, anasoma namba, anakupigia, unakuja kusogeza. Hapo ni pazuri. Ubaya wake ni kwamba namba yako inakuwa mali ya kila apitaye. Kaka Kichina chake kilikuwa cha kuhesabia maboksi tu, na kulia, kushoto, hapana. Akisemeshwa haraka kwenye simu alikuwa anaganda. Mimi mwenzake mwaka mzima wa kwanza chuoni walitufundisha lugha kabla ya masomo. Siku alipokabidhiwa gari, alinifuata bwenini na kadi ngumu nyeupe na kalamu ya wino mzito.

"Andika namba yako hapa," akasema.

Nikamwambia, "Kaka, gari si unaendesha wewe?"

"Gari langu, mdomo wako. Tumetoka tumbo moja, tugawane kazi."

Nikaandika. Tena niliandika kwa mbwembwe, nikachora na mstari chini.

Tangu siku hiyo simu yangu haikupumzika. Niko darasani, inalia: sogeza gari. Niko chooni, inalia: sogeza gari. Nampigia kaka, naye anatoka mbio kule alipo kwenda kusogeza. Hizo zilikuwa nafuu. Wakaja wanaosoma namba vioo kwa vioo wakauziane: wa mikopo, wa bima, wa kuuza nyumba, na mimi mwanafunzi wa kufadhiliwa hata baiskeli sina. Mmoja akanipata mpaka kwenye picha zangu za mtandaoni, akaiona ile ya Zuhura ya siku ya maulidi, akaniuliza kama ni mwanangu na kama nina haja ya kumkatia bima. Hapo nilichukia kwelikweli. Nikazoea kutopokea namba nisizozijua. Naitazama, nailaza simu kifudifudi, naendelea na langu.

Siku nane kabla ya msiba tuligombana. Nilimkuta pale uwanjani kwake pa kupumzikia, nikamwambia, tena kwa sauti, aitoe namba yangu kwenye kioo chake, mimi si karani wake.  Kaka alikuwa anajisugua kifua, akasema ni kiungulia cha pilipili za Kichina. Kisha akasema, "Nitaitoa, mdogo wangu. Nivumilie tu nipate mtu mwingine wa kunisemea." Niliondoka hata bila kumuaga vizuri.

Siku yenyewe nilikuwa kwa kinyozi, shemeji. Sikuwa darasani, sikuwa kwenye mtihani, kama nilivyowaambia watu wa huku. Nilikuwa kwa yule Mkongo anayetunyoa sisi wote, mtaa wa Xiaobei, tunabishana habari za mpira. Saa kumi na dakika kumi na nne jioni simu ikalia, namba nisiyoijua. Nikailaza. Ikalia tena. Kinyozi akanitania, "Pokea basi, huenda ni mchumba." Nikamjibu, wallahi naandika maneno yangu kama yalivyotoka: "Ni gari la kaka hilo. Wangoje." Ikalia mara ya tatu, nikazima mlio kabisa. Nikaendelea kunyolewa.

Nilipotazama simu tena nikaona jina la kaka. Nikapokea huku nacheka, nataka nimwambie leo umemzibia nani. Alikuwa muuguzi. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika.

Yaliyofuata unayajua, au unadhani unayajua. Usiku wake mlinipigia, simu mmeiweka sauti kubwa, nyumba imejaa watu, na Baba Mkubwa ndiye aliyeuliza: "Idrisa, ulikuwa naye? Aliacha neno gani?" Kwetu ndivyo tunavyouliza, na aliyeko mbali na maiti hana kingine cha kushika ila hilo neno. Nikasikia wewe unavyovuta pumzi. Nikasema nilikuwa naye. Nikasema nimeshika mkono wake. Nikasema ametamka shahada, kisha akasema, "Mwambie mama Zuhura anisamehe, na watoto wasome mpaka mwisho." Nikasikia watu wanaitikia, "Alhamdulillahi, ameondoka vizuri." Na wewe ukalia kile kilio cha mtu aliyetua mzigo. Ningeyarudishaje?

Hayakuwa maneno yake. Niliyatunga mimi, nimesimama kwenye korido ya hospitali na nywele zimenyolewa upande mmoja.

Kesho yake tukamzika hapa, kama mlivyoridhia. Wenzetu walijitokeza, Mungu awalipe, hata wale Wakongo ambao ni Wakristo walikuja kubeba jeneza. Baada ya hapo ndipo nikalikumbuka gari. Lilikuwa bado pale uwanjani, na muda unahesabika.

Pale huna haja ya kumwona mtu ili kulipa. Unaelekeza simu kwenye mchoro ulio ukutani, unaandika namba ya gari, yoyote, hata isiyo yako, linakuja. Nikaandika. Ikatokea picha iliyopigwa na kamera ya getini: liliingia saa nane na dakika saba mchana. Na kaka humo, shemeji. Mkono wake wa kushoto umetoka dirishani, na ile saa yenye mkanda wa buluu uliyomnunulia wewe. Uso nusu una kivuli cha paa la gari, lakini ni yeye, na kama mtu anayeimba. Nilikaa chini palepale.

Nikaenda ofisini kwao kuomba wanionyeshe picha za uwanjani, nijue alikaaje, aliugua saa ngapi, nani alimwona. Kijana mmoja mpole sana akanijibu kuwa habari za dereva ni siri yake, hawawezi kumpa mtu. Nikamwambia mimi ni nduguye wa tumbo moja. Akataka karatasi ya kuthibitisha, na karatasi hiyo inatoka wapi, Muheza? Nikacheka kama mwehu. Namba yangu imekaa kwenye kioo miaka miwili kila mtu anaisoma mpaka wauza bima, na kaka yangu mwenyewe mimi siruhusiwi kumwona akifa.

Siku tatu nilikwenda pale nikakaa kando ya gari. Ya kweli ni kwamba nilishaambiwa gari likitoka tu, ile picha inaondoka kwenye simu. Siku ya tatu akanijia mlinzi wa uwanja, mzee mmoja aliyevaa glavu nyeupe. Watu wanamwita Shifu, ni jina la heshima wanalompa fundi au dereva au mtu mzima yeyote mwenye kazi yake. Akanitazama, kisha akatazama ile kadi kwenye kioo.

"Wewe ndiye mwenye namba hii?"

Nikamwambia ndiyo.

Akachuchumaa mbele yangu. Akasema yule bwana mweusi alikuwa akimgawia biskuti, na kwa miaka yote hakuwahi kupitisha muda. Kwa hiyo saa mbili zilipotimia na gari halijatikisika, yeye hakwenda kudai malipo, alikwenda kwa kuwa alishangaa. Akamkuta kaka amekaa kwenye kiti chake, jasho linamtiririka, mkono kifuani, macho wazi.

"Alikuwa hai?" nikamuuliza.

"Hai. Nilimsemesha, akanitazama, hakuweza kunijibu kwa lugha yetu. Akanyoosha kidole. Alikuwa anaonyesha kadi."

Mzee akapiga namba. Sikupokea. Akamwambia kaka kwa ishara, hapokei. Kaka akanyoosha kidole tena. Akapiga, sikupokea. Akanyoosha tena, mara ya tatu. Baada ya hapo ndipo mzee akaita gari la wagonjwa. Huyo mzee akavua glavu zake, akajifuta uso nazo, akaniambia, "Ningeita gari kwanza. Nimepoteza dakika kumi nikikungoja wewe. Nisamehe." Ananiomba mimi msamaha! Sikuweza kumwambia nilikuwa wapi. Mpaka leo hajui.

Nilimuuliza daktari kama dakika kumi zingemwokoa. Akasema pengine, pengine hapana. Nimelala na hilo "pengine" miezi hii yote, shemeji, nikaamka nalo. Ningepokea ile ya kwanza, ningemwambia mzee aite gari palepale. Hata kama siku yake ilikuwa imefika, ningemwambia amwekee kaka simu sikioni. Angekuwa na mtu wa kumsemea. Na angekuwa na neno la mwisho la kweli, ningekuletea hilo, si hili nililolishona mwenyewe.

Kesho yake laoban akaja, akalipa, gari likatoka. Nikaandika namba yake kwenye simu kwa mara nyingine. Ikajibu kwamba hakuna gari hilo uwanjani. Lakini picha nilikuwa nimeshainakili, nimeichapisha kwenye karatasi, imo ndani ya bahasha. Ndiyo picha yake ya mwisho na ni yako. Kuna na mswaki, niliukuta kwenye kiti cha abiria laoban alipolifungua gari, pamoja na risiti yake. Siku ile alinunua wa mtoto, una sungura kwenye mpini. Sikuwahi kumwona akinunua wa mtoto, nadhani alikuwa anamnunulia Zuhura.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika kwenye sindano yako. Nimesikia Zuhura kila asubuhi kabla ya kwenda shule anasema, "Baba kasema nisome mpaka mwisho." Mtoto asome, namuomba Mungu asome, lakini baba yake hakusema hivyo. Na wewe hakukuomba msamaha, wala sijui kama alikuwa na la kuombea. Shahada ninaamini aliitamka moyoni, alikuwa mtu wa swala, ila sikuisikia mimi. Kitu alichofanya kaka mwishoni ninachokijua ni kimoja tu, kunyoosha kidole mara tatu. Alikuwa ananiita. Hilo halidariziki, na ukilitundika litakuwa ni hukumu yangu sebuleni kwako. Ukiamua kulitundika, sitakulaumu.

Utachagua mwenyewe nani ajue. Mama naomba umwambie wewe, polepole, siku akiwa ameamka vizuri, usimwachie Zuhura amsomee. Baba Mkubwa mwambie kuwa swali lake nililijibu vibaya na nitakuja kulijibu mbele yake nikipata likizo. Nisalimie dada yetu Asha anayelala nawe hapo tangu msiba, namshukuru kwa kukusaidia maji na kuni. Nisalimie jirani yako fundi cherehani, najua ndiye aliyekuuzia kile kitambaa, mwambie akuhifadhie kwanza. Mdogo wa Zuhura mbusu kwa niaba yangu, yeye hajui lolote bado.

Gari lile linaendelea na kazi. Laoban amemweka dereva wa Kichina, na hakuna aliyekumbuka kuitoa kadi. Basi bado wananipigia: sogeza gari. Simwambii mtu aitoe. Napokea kila simu, ya mkopo, ya bima, ya nani, nasema naam, nasikiliza mpaka mwisho, ya gari namjulisha laoban. Kinyozi ananiuliza siku hizi una nini, simu haijalia umeshaishika.

Namba yangu ni ile ile, shemeji, unayo. Ukishamaliza kusoma, kama una la kunitukana, piga. Kama unataka kulia tu bila kusema kitu, piga. Na kama huwezi kusikia sauti yangu tena, nitaelewa, lakini ujue simu iko mkononi. Nitapokea.

Ni mimi shemeji yako, mdogo wake Rajabu,
Idrisa